Kuka Hajakabidhi

Hii habari sikuiokota sokoni. Nabwile ni jirani yangu hapa Kitale, ukuta wangu ndio ukuta wake, na yote haya aliniambia akiwa amekaa jikoni kwangu, akikoroga chai kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani. Ukiona ni uongo, soma kama uongo. Mimi simlazimishi mtu.

Ilianza Jumanne moja ya Novemba, mwaka wa 2006. Asubuhi ya kawaida kabisa. Malori ya mahindi kutoka mashamba ya upande wa Kwanza yalikuwa yamepanga foleni barabarani, na vumbi lao likiingia hadi kwenye vikombe vya watu. Nabwile alikunywa chai, akala chapati moja, akaenda kazini kwa miguu. Alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni fulani ya mbegu, yenye makao yake hapa na tawi moja Bungoma.

Zamani alikuwa mtu wa kucheka. Mwezi wa tatu mwaka huo baba yake, Mzee Wekoye, alipigwa na kiharusi kule Bungoma. Upande wote wa kulia ukafa ganzi, na sauti ikapotea. Tangu hapo Nabwile akawa mtu wa kuitikia tu. Ukimwambia pole, anasema asante. Ningemwambia nyumba yake inaungua, nadhani angesema asante. Hakulia hata siku moja. Ganzi ya baba ilimwingia yeye moyoni, akabaki anamwomba Mungu kitu kimoja peke yake: baba aseme tena, hata neno moja, amwite Mayi.

Mayi kwa Kibukusu ni mama. Nabwile alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Mzee Wekoye, aliyekufa miezi michache kabla yeye hajazaliwa. Basi tangu akiwa wa kunyonya, baba hakumwita kwa jina. Alimwamkia kwa heshima, mtu mzima na ndevu zake, na watu wakicheka anawaambia, "Huyu ni mama yangu. Wacheni upuzi."

Sasa habari ya mashine. Mimi si fundi, naeleza nilivyoelezwa. Kampuni kama ile ina daftari moja kubwa ndani ya kompyuta, linalomjua kila mfanyakazi: jina lake, nambari yake, wapi aruhusiwe na wapi akatazwe. Kuna mashine moja inayolishika daftari hilo, na ina majukumu matano. Inatoa majina. Inatoa nambari. Inashika saa, na kompyuta zote zinafuata saa yake. Na mengine mawili ambayo Nabwile aliniambia nisijisumbue, sitayaelewa. Mashine hiyo ilikuwa Bungoma. Aliyeisimika mwaka wa 2001 ni Mzee Wekoye mwenyewe, baada ya kustaafu kazi ya simu. Mashine za namna hiyo hupewa majina, na yeye aliita yake Kuka, yaani babu.

Tawi la Bungoma lilikuwa linafungwa. Majukumu yote matano yalitakiwa yahamie Kitale kabla ya Ijumaa jioni. Jumanne hiyo Ngari, mkubwa wa Nabwile, mtu wa Embu mwenye roho nzuri sana, akafungua boksi la mashine mpya na kuiweka mezani.

"Hii tuite nani?" aliuliza, kisha akajijibu mwenyewe. "Tuite Wekoye. Mzee ametufanyia kazi bana. Anastahili."

Nabwile akamwangalia.

"Ama ni vibaya? Kwetu mtoto wa kwanza anabeba jina ya babu yake, na babu mwenyewe yuko hapo, anashikilia mtoto, anafurahi hadi analia."

Kwa Wabukusu haiko hivyo. Jina la mtu hupewa mtoto baada ya mwenye jina kuzikwa. Kuliweka kwa mwingine naye yupo, anapumua, ni kumwambia ainuke kitini. Nabwile alilijua hilo tangu utotoni, maana yeye mwenyewe ni jina la marehemu. Lakini alikuwa ameokoka, mambo ya mila aliwaachia wazee, na juu ya hayo alikuwa amechoka. "Sawa tu," akasema. Ngari akaandika WEKOYE, na mashine ikalikubali jina.

Jumatano asubuhi wakakuta laini ya kati ya Kitale na Bungoma imekatika. Nguzo imeanguka upande wa Webuye, na watu wa simu wakasema labda Jumatatu.

Hapa sikilizeni vizuri. Kuna njia mbili za kuhamisha majukumu. Ya kwanza ni kukabidhi: mashine mpya inaomba, ya zamani inakubali, zinaachana vizuri. Ya pili ni kunyakua, na hiyo ni ya mashine iliyokufa. Imeungua au imeibiwa, basi mpya inajichukulia. Na ukishanyakua, ile ya zamani isiunganishwe tena na laini maishani, kwa sababu yenyewe haijui kwamba imeshatangazwa maiti. Itaendelea kutoa majina na nambari, na watu wawili watajikuta na nambari moja. Mzee Wekoye ndiye aliyemfundisha Nabwile haya yote, na kila mara alikuwa akimaliza hivi: "Mayi, kunyakua ni ya maiti. Kama yuko hai, mwombe."

"Nyakua tu," Ngari alisema. "Si itazimwa Ijumaa? Hiyo imekufa tayari, ni vile haijajua."

Nabwile alitaka kwanza akaione kwa macho. Akaenda Bungoma siku hiyohiyo. Sharif, mlinzi wa pale, alimfungulia stoo. Kuka alikuwa mzima, taa yake ya kijani inawaka, feni inavuma polepole. Akaweka kiganja juu yake. Palikuwa na joto.

Kutoka pale akapitia nyumbani. Mama yake, Nakhungu, alikuwa anafua shuka. Baba alikuwa kitandani, amelala upande ule mmoja, macho yapo dirishani. Nabwile akaketi akamwambia habari za kazi, kama alivyozoea, bila kungoja jibu.

"Baba, tunamwachisha Kuka kazi. Laini imekatika. Kesho nitanyakua."

Mkono wa kushoto wa mzee ukainuka. Ukapapasa blanketi. Mama akaelewa, akaleta penseli na karatasi ya dawa. Mzee aliandika muda mrefu, jasho linamtoka, na alipomaliza zilikuwa herufi nne tu.

BADO.

"Bado nini?" mama akauliza. Halafu akacheka kidogo. "Kumbe! Anasema bado hajakula. Nilichelewa na uji leo."

Wakamletea uji. Mzee akafunga mdomo. Uji ukamwagika kwenye shuka safi, mama akapangusa akilalamika kwamba leo mzee ni msumbufu, ati anaringa. Nabwile akakunja ile karatasi, akaitia mkobani, akarudi Kitale.

Alhamisi, saa tano asubuhi, wakaanza. Nabwile kwenye kiti, Ngari amesimama nyuma yake na kikombe. Mashine mpya ilitoa onyo: fanya hivi ikiwa tu mwenye majukumu hayupo tena na hatarudi. Una hakika? Nabwile akabonyeza ndiyo.

Hata katika kunyakua, mashine hutangulia kuomba. Ilimwomba Kuka majina. Ikangoja. Hakuna jibu, laini imekatika. Ikachukua. Una hakika? Ndiyo. Nambari, ikaomba, ikangoja, ikachukua. Yale mawili mengine nayo yakaenda vivyo hivyo. Likabaki la saa. Mashine ikaomba, ikangoja.

Jibu likaja.

bado

Herufi ndogo, neno moja. Nabwile aliangalia taa ya laini ukutani. Imezimika.

"Ngari, umeandika wewe?"

"Niandike na nini, na nimeshika chai?" Ngari akainama kusoma. "Ni mzee huyo, aliweka mchezo wake humo ndani. Bonyeza tutoke hapa."

Nabwile aliniapia kwamba hakusikia kitu. Si woga, si huruma. Alibonyeza tu. Kidole cha mkono wa kulia kikafa ganzi. Halafu kiganja. Halafu mkono wote hadi begani, na haukuuma hata kidogo.

Kompyuta zote za ofisi zikaruka saa kwa pamoja. 16:10. Saa kumi na dakika kumi, na nje jua la saa tano na robo limewaka. Wakarekebisha. Zikarudi 16:10, na hapo zikasimama.

Simu yake ikalia. Mama. Alikuwa ananong'ona.

"Nabwile. Baba yako ameongea."

Miezi minane alikuwa ameingoja hiyo simu. "Amesema nini?"

"Kuja tu."

"Mama, amesema nini?"

"Ameniuliza mwenye hii boma alikufa lini."

Alifika saa tisa. Mzee Wekoye alikuwa ameketi nje, kwenye kiti cha wageni, amekielekeza kwenye mlango wa nyumba, vile watu huketi wakija matangani. Amevaa shati la kanisani na viatu. Ule upande uliokuwa umekufa ulikuwa mzima. Alimwona Nabwile, akasimama mwenyewe, akanyoosha mkono wa kulia. Nabwile alishindwa kuinua wake. Akampa wa kushoto.

"Poleni sana, binti," mzee akasema. Sauti ni ileile. "Nilisikia, nikasema wacha nikuje. Alikuwa mtu mzuri?"

"Nani?"

"Mwenyeji. Huyu Wekoye."

"Baba, Wekoye ni wewe."

Mzee akageuka kutazama nyuma yake, kama mtu aliyesikia mwingine akiitwa. Hapakuwa na mtu. Akaketi tena.

"Mimi sina jina, binti. Nilikuwa nayo asubuhi." Akapangusa vumbi kwenye goti. "Na mnazika lini? Sitaki kukaa sana."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono yote miwili. Hakuwa amemruhusu mzee aingie. Nabwile alipomkaribia, alimvuta sikio karibu.

"Anataka aone mahali mwenyeji amelazwa," alinong'ona. "Mimi nilichungulia. Blanketi bado imeinuka. Kuna mtu."

Nabwile hakuchungulia. Alikimbia.

Stoo ya kampuni si mbali. Sharif alikuwa amesimama nje, hataki kuingia. "Laini imerudi," alisema. "Taa imewaka yenyewe sasa hivi. Hakuna fundi amefika hapa, madam. Haki ya Mungu." Nabwile akampigia Ngari simu.

"Nataka kumrudishia Kuka."

"Wewe! Ukiunganisha hiyo mashine tutakuwa na wakubwa wawili. Daftari itaharibika yote. Hapo hata mimi siwezi kukutetea."

"Nilisema amekufa na hajafa," Nabwile akajibu, akakata. Akaunganisha Kuka na laini, kwa mkono mmoja na meno.

Mashine ya Kitale ikamkataa. Zina kanuni yao hizi mashine: saa zikipishana zaidi ya dakika tano, hazisemezani. Saa ya Kuka ilikuwa ya kweli, saa kumi kasorobo. Ya Kitale ilikuwa imesimama 16:10. Nabwile alijaribu, ikakataa. Akajaribu, ikakataa. Ndipo akaelewa kwamba hana la kufanya ila kungoja. Ikifika saa kumi na dakika tano zitakubali kusemezana, na ikipita kumi na dakika kumi hajui kitatokea nini. Majukumu matano. Dakika tano.

Akampigia mama, akabana simu kwa bega la kushoto, akaambiwa mzee bado amekaa pale, ameuliza tena habari za mazishi. Akangoja. Feni ya Kuka ilikuwa inavuma. Hakuna kingine.

Dakika ya tano. Zikakubaliana.

Majina kwanza. Ndiyo. Ndani ya simu akasikia kiti kikisogea, halafu sauti ya mzee, imekasirika: "Nakhungu? Mbona mmeniweka nje?" Na mama akaangua kilio.

Nambari. Ndiyo. Dakika ya sita.

La tatu. Ndiyo. La nne lilisuasua, likakubali. Dakika ya nane.

"Mama, mpe simu."

Akasikia pumzi. Pumzi ndefu ya mtu aliyepanda mlima.

"Mayi," baba yake akasema.

Hapo ile ganzi ya moyo ikapasuka. Nabwile alilia kwa sauti, alilia hadi Sharif akachungulia mlangoni. Alilia kilio cha miezi yote minane. "Naam baba. Nimekosea. Nakurudishia, ngoja kidogo, nakurudishia."

"Mayi, si nilikuambia bado."

"Nisamehe."

"Saa yangu ilikuwa imebaki kidogo tu. Nilitaka kukukabidhi mimi mwenyewe. Wewe ukaninyang'anya."

"Sikuelewa, baba. Tulidhani ni uji."

Mzee akacheka. Kicheko kilekile cha zamani, cha puani. Nabwile akafumba macho amsikilize vizuri, na mkono wa kushoto ukakaa juu ya kibonye bila kubonyeza. Alikuwa amesahau. Ndivyo anavyosema, alisahau, alikuwa anamsikiliza baba yake. Lilikuwa limebaki moja tu, la saa.

Kicheko kikakatika katikati.

Akafumbua macho. 16:10. Huku na kule, 16:10.

"Baba?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa mbali, kwa kunong'ona. "Nabwile. Kiti kiko tupu."

Walimkuta kitandani, chini ya blanketi, amelala upande ule ule. Alikuwa amekakamaa. Wazee waliokuja kumwosha walisema huyu hakufa jioni, huyu alikufa asubuhi, saa tano hivi. Hawakuelewa kwa nini amelazwa na viatu. Na viatu vilikuwa na vumbi la nje.

Wakamzika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ngari alikuja kutoka Kitale, akalia kuliko watu wengi wa ukoo, akaomba msamaha kwa mama kuhusu lile jina. Mama alimwambia hakujua, na ni kweli, hakujua. Aliporudi kazini alijaribu kulibadilisha, mashine ikakataa. Lakini habari ya Nabwile kuunganisha laini hakumwambia mtu, na akaenda mwenyewe Bungoma, akamtoa Kuka stooni, akatoa ile sahani ya ndani inayobeba kumbukumbu, akaiponda kwa nyundo mbele ya Sharif hadi ikawa vipande.

Ni mwaka wa pili sasa. Kila siku ya Mungu, saa kumi na dakika kumi, kwenye mashine ya Kitale hutokea kidirisha kidogo. KUKA anaomba kukabidhi saa. Unakubali? Chini yake kuna ndiyo na hapana. Kinakaa dakika moja, kinaondoka. Ngari amekiona. Amemwambia Nabwile abonyeze ndiyo wamalizane, mzee apumzike. Yeye mwenyewe hathubutu kukigusa.

Na mama kila siku anapiga simu. Kile kiti amekiingiza jikoni, akakifungia, akakipeleka hadi kanisani wakakikataa. Ikifika saa kumi kiko nje, kimeelekea mlango, na mbele yake kuna alama za viatu viwili. Anasema mzee hagongi wala hasemi. Amekaa tu, anangoja kama mgeni.

Nilimwambia Nabwile maneno makali. Nikamwambia anamtesa baba yake na mama yake, na ni dhambi. Hakubisha. Alisema asante.

Jumapili iliyopita alikuwa kwangu. Simu yake ikalia, akaiweka mezani ili mkono wa kushoto ubaki na kijiko. Sauti ya mama yake ikajaa jikoni.

"Umebonyeza, mwanangu? Mruhusu aende."

Niliangalia saa yangu ya ukutani. Saa kumi na dakika kumi. Kisha nikaangalia mapajani mwake, kwenye ule mkono ambao madaktari wa Eldoret waliudunga sindano asishtuke. Vidole vilikuwa vinajikunja polepole, kimoja kimoja, hadi vikafumbata kitu nisichokiona, kinene kama kiganja cha mtu mzima. Ngozi iliingia rangi. Uso wake wote ukalainika, akawa yule Nabwile wa zamani wa kucheka.

"Nabwile? Umebonyeza?"

"Bado, mama," akasema.